Njiwa kwenye Kibao cha Hatari

Jumatatu, 4 Machi

...na kwa hiyo fundi seremala akitaka kununa, anune mpaka midomo imguse kifua. Mimi sitaki ugomvi na mtu. Mimi ni bwana harusi wa siku ishirini na mbili! Mwenye siku ishirini na mbili za ndoa anapata wapi nafasi ya kununiana na seremala?

Jambo lenyewe ni hili, niliandike vizuri ili wajukuu walisome. Soko letu lina roshani ya mbao, juu kidogo ya ukumbi mkubwa. Zamani wauza vitambaa walikaa huko. Siku hizi haina mwenyewe, ila watu hupanda kupunga upepo na kutazama wenzao wakigombea nyanya. Leo asubuhi seremala wa soko alichomeka bisibisi kwenye boriti inayoibeba roshani. Ikazama mpaka mpini, kama kisu kwenye mkate. Mchwa! Akamwita Meneja wa soko, akamwambia funga, vunja, jenga upya. Meneja akasema atalifikiria. Seremala akasema hata mwaka juzi ulilifikiria. Kisha akaanza, usipoziba ufa... Meneja akamkata kauli: huo ni ukuta bwana, hizi ni mbao.

Wakakubaliana, kwa sasa viwekwe vibao vya kuwaonya watu.

Vibao! Sita! Na mchoraji ni nani? Mimi! Si jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, Bwana Stensili, anayekata herufi kwenye karatasi ngumu kisha akagongagonga rangi matunduni kama anayempaka mbwa dawa ya viroboto. Meneja alisema anataka kitu chenye mvuto. Aliposema mvuto alinitazama mimi.

Mpango wangu: vibao hivi ndivyo vitakavyonitoa. Mji mzima unapita pale. Vikipendeza, Meneja atanipa vibao vyote vya soko, kuanzia lango la samaki mpaka choo. Nitaacha kuandika namba kwenye mapipa ya taka. Mke wangu ataitwa mke wa msanii.

Mke wangu! Anashonea chini ya roshani hiyohiyo, cherehani yake kando ya nguzo. Ndipo tulipoonana, siku niliyokuja kumchorea kibao cha Fundi Cherehani nikakaa siku nne kwenye herufi F. Leo nimemkuta anapangusa vumbi la mchwa kwenye gauni la mteja. Vumbi la njano, laini, linametameta juani. Nikamwambia mbingu inampaka poda. Akasema basi mbingu ilianza kumpaka kabla hata sijamposa.

Jumanne, 5 Machi

Meneja ameniletea maneno ya kuandika: HATARI. USIPANDE. MBAO ZIMEOZA.

Nimeyasoma mara tatu. Ukali gani huu? Ndivyo mtu anavyozungumza na binadamu mwenzake? Mimi nimemaliza sekondari. Mwalimu wetu alituambia maneno mazuri humtoa nyoka pangoni. Yakiweza kumtoa nyoka pangoni, yatashindwa kumzuia mtu asipande ngazi?

Nimeandika: "Ewe mpendwa mpita njia, twakuomba, ukiweza, usipande." Juu yake njiwa wawili wanagusana midomo. Pembeni waridi, kumi na mbili kila upande. Fremu ya rangi ya dhahabu. Nyekundu nimeiacha. Nyekundu inashtua watu.

Mke wangu alipotoka kazini alisimama mbele ya kibao cha kwanza, kichwa upande. Akasema ni kizuri mno. Akauliza, na hatari iko wapi? Nikamwonyesha: hii hapa, chini ya mkia wa njiwa wa kushoto, "mbao zimeoza kidogo." Akainama. Akasema mtu akitaka kuisoma hiyo itabidi awe na macho ya kutungia uzi. Halafu akauliza hilo "kidogo" limetoka wapi. Nikamwambia ni adabu. Akacheka mpaka akashika meza, kisha akanifuta dhahabu puani kwa ncha ya khanga yake. Pua yangu sitainawa leo.

Amesema pia, polepole, kwamba anafikiria kuihamisha cherehani karibu na lango. Nimekataa katakata. Mapenzi yetu yalizaliwa kando ya nguzo ile! Mtu hahami kilikozikwa kitovu cha mapenzi yake kwa sababu ya vumbi. Akaanza kunifungia makopo ya rangi. Wanawake wengine wangebishana. Wangu ananyamaza tu na kunitazama. Utulivu gani!

Alhamisi, 7 Machi

Vimetundikwa! Viwili chini ya ngazi, vitatu kwenye kingo za roshani, na kile cha sita, kilicho bora kuliko vyote, juu kabisa mwisho wa roshani, kwa sababu mwanga wa huko ni mzuri.

Nilijibanza nyuma ya magunia ya viazi nisikie watu watasema nini. Akaja dada mmoja na kikapu chake. Akasoma kwa sauti, "Ewe mpendwa." Akaweka mkono kifuani. Akasema maskini, tangu nizaliwe hakuna aliyeniita hivyo, hata mume wangu. Akapanda ngazi kwenda kusoma vilivyobaki. Mwenzake akamfuata. Muuza mayai naye akaacha trei zake akapanda.

Bwana Stensili alifika, mikono nyuma, akavikagua vyote kama daktari wa meno. Akaniambia hongera jirani, hajawahi kuona kadi ya mwaliko nzuri namna ile. Mtu mwenye wivu, lakini leo ukweli umemshinda. Nimemshukuru kwa mikono miwili.

Seremala amepita pia. Alivisoma viwili vya chini ya ngazi. Alikaa chini kwenye kreti, akashika kichwa. Kwa watu wa ufundi mgumu, sanaa huwagusa hivyo.

Jumamosi, 9 Machi

Siku kubwa. Siku kubwa sana!

Maharusi wamekuja kupiga picha. Jozi tatu kabla ya saa sita, kila jozi na wapambe wake. Wanasimama mbele ya kibao cha sita, chini ya njiwa, wanagusana midomo kama njiwa. Mpiga picha wa mtaani amehamishia kiti na mwavuli wake huko juu. Foleni imeteremka ngazi nzima ikapita mbele ya cherehani ya mke wangu. Saa nane roshani ililia. Mlio mrefu, mzito, kama ng'ombe anayeota ndoto. Watu wote wakatazama miguu yao. Mpiga picha akasema msitikisike, nzuri hiyo! Wakacheka, wakaendelea.

Mke wangu aliniita. Nywele zote njano. Akasema umeisikia? Nikasema nimeisikia, mpenzi, inaimba. Akasema, mume wangu, kitu kikiimba hivyo mtu hukaa mbali nacho. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, seremala amemtia hofu, na watu wa hofu ndio wasiofika mbali maishani. Akauliza, na wale walioko juu wanafika wapi. Nikamsifia macho.

Meneja ana furaha hata amefungua vifungo viwili vya shati. Amenipeleka pembeni. Amesema soko halijawahi kupata watu namna hii. Amempigia simu Diwani. Diwani atakuja Jumamosi ijayo kuizindua rasmi: Roshani ya Wapendanao! Hotuba itatolewa huko huko juu, viti kumi na viwili, na mimi nitasimama kulia kwake. Baada ya hapo, vibao vya soko lote ni vyangu, neno la mwanamume.

Tukiwa tunazungumza akaja seremala na kikombe. Kikombe kimejaa vumbi. Amekiweka chini ya boriti asubuhi, sasa kimefurika. Meneja akachungulia, akasema seremala, wewe unatafuta kazi tu. Seremala akasema ndiyo, natafuta kazi ya kujenga, sitaki ile ya majeneza.

Watu wengine hawana mapenzi maishani mwao.

Jumatatu, 11 Machi

Maajabu mawili.

La kwanza: kigurudumu cha uzi cha cherehani ya mke wangu kimeanguka kikabingirika chenyewe sakafuni, moja kwa moja mpaka kwenye nguzo, kikakaa hapo kama mtoto aliyemwona mama yake. Amekiokota, akakiachia, kimerudi palepale. Mara nne! Nimemwambia hata nyuzi zinavutwa na mahali tulipoonana. Yeye ameitazama nguzo, kisha sakafu, kisha mimi. Anasema nguzo imezama.

La pili: mlango wa stoo chini ya roshani haufungi tena. Fremu imejipinda. Muuza chumvi amesukuma kwa bega, kwa mgongo, kwa maneno machafu. Meneja ameshauri mlango ukatwe kidogo juu.

Boriti nayo imebonyea katikati, kama tabasamu. Ukikaa mbali unaiona wazi, na Diwani atakaa mbali kabla ya kukaribia. Niliwaza dakika kumi, nikapata ufumbuzi. Nimeichorea shada refu la maua, limening'inia kufuata kule kubonyea. Sasa anayeangalia anadhani ni mapambo. Hata Meneja amepumua. Amesema wewe kijana ungefaa serikalini.

Halafu uchokozi! Saa saba mchana Bwana Stensili ametundika kibao chake mwenyewe chini ya ngazi, bila kuombwa na mtu: HATARI, herufi nyeusi, ubao mweupe. Sura ya matangazo ya mochwari. Amesema amejitolea tu, eti seremala amemwomba. Sikugombana naye. Mimi si mtu wa kugombana. Nimesubiri aende kula, nikakiongezea kipepeo. Kikawa bado kinatisha, nikaongeza wa pili. Amerudi amenikuta na brashi mkononi. Ameniuliza, ndugu yangu, una mke? Nikasema ninaye, na furaha tele. Akasema basi mpende kwa namna nyingine.

Sijaelewa alimaanisha nini.

Jumatano, 13 Machi

Moyo wangu umepasuka. Sijui kama kalamu itaweza.

Nimefika sokoni saa nne na chai yake kwenye chupa. Mahali petu ni patupu. Alama nne za miguu ya cherehani vumbini, na vipande vya uzi. Amehama! Peke yake, na mkokoteni wa muuza vitunguu. Yuko langoni, anashona kana kwamba hapakutokea kitu.

Nilimuuliza nimekosa nini. Nilimuuliza kama ndoa ya mwezi mmoja inaweza kufa. Wapita njia walisimama. Mke wangu akaondoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye mkono wa gauni. Kisha akaniambia, mume wangu, nakupenda. Nakupenda mpaka nacheka peke yangu njiani. Lakini sikupendi kiasi cha kukaa chini ya kitu kile.

Muuza vitunguu akasema, amina.

Nilikaa kando yake mpaka chai ikapoa. Yeye akainywa hivyohivyo. Kabla sijaondoka akanishika mkono akasema Jumamosi usipande. Nikamwambia Diwani ameshaniwekea mahali, kulia kwake. Akasema, usipande. Nikamwambia ni kwa ajili yake. Akasema hakuwahi kuniomba roshani, aliniomba rafu ya kuwekea sufuria, na bado anaisubiri.

Ijumaa, 15 Machi

Suti imepigwa pasi. Viti vimepandishwa. Roshani imelia mara tano leo. Nadhani ni furaha.

Jumamosi, 16 Machi

Naandika vumbi likiwa bado machoni, basi mnisamehe mwandiko.

Ukumbi ulijaa tangu saa tatu. Juu kulikuwa na viti kumi na viwili, kiti kikubwa chenye mikono cha Diwani, meza, jagi la maji, spika mbili nzito. Na mimi. Nilitangulia kupanda peke yangu ili nikipe kibao cha sita dhahabu ya mwisho. Jicho la njiwa wa kulia lilikuwa limefifia.

Diwani akaingia. Makofi. Akafika kwenye ngazi na Meneja nyuma yake, na nyuma ya Meneja jozi tisa za maharusi na wapambe wao, wote wakijiandaa kupanda.

Kwenye ngazi ya kwanza alisimama mke wangu.

Futi ya kupimia shingoni. Kifuani ameshika ubavu wa boksi la sabuni, ameupasua kwa mkono. Ameuandika kwa kipande cha mkaa. Herufi zimeinama huku na huku kama walevi wanaoshikana mabega. HATARI. USIPANDE. MBAO ZIMEOZA. Hakuna ua. Hakuna fremu. Mimi mwenyewe niliona aibu kwa niaba yake.

Diwani alikuwa ameshanyanyua mguu. Akasoma. Mguu ukarudi chini, taratibu, kana kwamba ngazi ina moto. Akamgeukia Meneja, akauliza hii ni nini. Meneja akasema ni mbwembwe za maonyesho tu, mheshimiwa. Diwani akasema vizuri, basi tangulia wewe. Meneja akatazama ngazi. Akapapasa mfuko. Akakumbuka kwamba ana simu ya haraka.

Basi! Ukumbi wote ukarudi nyuma. Sijaona watu wakirudi nyuma namna ile. Siku tisa walipanda wakipita mbele ya njiwa wangu, wakaja kuzuiwa na boksi la sabuni! Seremala na Bwana Stensili wakaanza kuwasukuma watu hadi langoni, wakipiga kelele, toka, toka chini yake, mama chukua mtoto, toka!

Nikabaki mimi juu. Mke wangu akasema shuka. Nikamwambia subiri mpenzi, jicho halijakauka. Chini ya viatu vyangu nilisikia kitu kama mtu anavunja biskuti. Akasema shuka, nakuomba. Nikamwambia dakika moja.

Akaweka boksi chini. Halafu akapaza sauti, soko zima likasikia, mpaka lango la samaki: mume wangu, suruali imechanika nyuma, yote, kutoka kiunoni!

Jamani!

Nilitupa brashi. Nikashuka kwa ubavu kama kaa, mikono miwili nyuma, mgongo ukutani, na jozi tisa za maharusi zikinitazama. Nilipofika chini nikapapasa. Nikapapasa tena. Suruali nzima! Nikafungua mdomo nimlaumu. Akanivuta mkono akakimbia nami mpaka kwenye magunia ya viazi, na hapo roshani ikashusha pumzi.

Haikuanguka kwa kelele mwanzoni. Iliinama upande mmoja, kwa adabu, viti vikaanza kuteleza kimojakimoja kama watu wanaoaga. Kisha yote kwa pamoja. Vumbi lilifunika ukumbi, hakuna aliyemwona mwenzake. Watu wakaitana. Wakahesabiana. Wote wapo. Hata muuza mayai yupo, ingawa analilia trei zake.

Vumbi lilipotua nikaiona boriti, shada langu la maua bado liko juu yake. Imelala kando ya nguzo. Palepale. Juu ya zile alama nne za miguu ya cherehani.

Nilitaka kusema kitu. Mimi, ambaye maneno hayajawahi kuniishia. Mke wangu alikuwa bado amenishika kifundo cha mkono, vidole vyeusi vya mkaa, na mkono wake ulikuwa unatetemeka. Yeye ambaye sindano ikimchoma hupangusa damu akaendelea na pindo. Sikujua afanywe nini. Nikamwekea koti la suti mabegani. Akaniegemea. Akasema, mpumbavu wangu wewe. Hilo "wangu" nimelitia moyoni mpaka siku ya kufa.

Jumapili, 17 Machi

Mapumziko. Nimekunywa chai kitandani na mke wangu kando. Dunia nzuri!

Habari zimeletwa na muuza vitunguu. Diwani ameagiza maelezo kwa maandishi. Meneja ameshayaandika: anasema mchwa hawakutoa taarifa mapema. Seremala amepewa kujenga roshani mpya, ya zege. Vibao vyote vya soko amepewa Bwana Stensili, hata cha choo. Na lile boksi la sabuni limepigwa misumari langoni, watu wanakuja kulitazama.

Sikukasirika. Nimekaa kutwa nikitafakari kwa kina, kama mtu mzima, ni nini kilichotokea hasa, na nimejua kosa langu. Nilichora kwenye mbao! Watu wa siku hizi wanataka boksi. Kesho nitaomba maboksi dukani, niyapake dhahabu. Nimemweleza mke wangu. Amejifunika shuka kichwani, mabega yanatikisika. Amefurahi sana.

Sasa jambo tamu kuliko yote. Hatujaenda kwa mama mkwe tangu harusi, na hiyo ni aibu. Shemeji yangu, kaka yake mke wangu, amekubali kutuazima pikipiki yake. Nimeiona mchana. Breki ya mbele inapiga mluzi. Ya nyuma hata ukiikanyaga haisemi neno, ni ya upole. Tairi limelainika kama upara wa shemeji mwenyewe. Nimekwisha kuichorea moyo mkubwa kwenye tangi, na mshale.

Mke wangu ameizunguka mara moja. Amesema yeye atapanda basi, na atabeba bandeji. Mnamwona? Anataka atangulie, ili asimame mlangoni anipokee!

Nimempigia mama mkwe. Aliuliza kama naukumbuka ule mteremko wa kufikia kwake, wenye kona na ukuta wa jirani. Nikamwambia naukumbuka vizuri sana, mama, ndipo pikipiki itakapopendeza. Nimemwapia: tutamtembelea kabla mwezi huu haujaisha, na njia nzima sitasimama hata mara moja.